Jodari wa Wakwe

Mdogo wangu alipomwoa mwalimu wa kutoka Pangani, hakuna aliyefikiria habari ya kisu. Harusi ilifanyika pwani, wenyeji wakachinja, sisi tuliotoka Qurus tukala pilau tukarudi Karatu tukisifia. Kisu kilikuja kutusumbua mtoto alipozaliwa, wakwe walipopiga simu kwamba wanapanda bara, watu saba, kuja kumwona mjukuu.

Kwetu mgeni mzito anachinjiwa mbuzi, na hakuna mgeni mzito kuliko mkwe. Lakini sisi ni Wakatoliki ukoo mzima na wao ni Waislamu, na Mama alijua vizuri kwamba mbuzi atakayechinjwa na kaka yangu mkubwa nyuma ya zizi, kama tulivyozoea, wakwe hawatamgusa. Mjini Karatu Waislamu wapo na mabucha yapo, kwa hiyo nyama ya halali si kitu cha kutafuta kwa tochi. Mama hakuitaka ya bucha. Alisema nyama ya kupima kwa kilo ni ya kuwalisha mafundi, si ya kumpokea mkwe. Akakaa nalo hilo kimya, kisha siku moja akatoka na jibu lake: samaki. Samaki hachinjwi. Wakwe ni watu wa Pangani, mto na bahari vinakutana mlangoni kwao. Wakiwekewa samaki mezani watajiona wako kwao.

Anayeijua nyumba yetu angeshika kichwa. Bibi, mama mzazi wa Baba, alikuwa hajawahi kuruhusu samaki avuke kizingiti chake. Wairaqw wengi wa kizazi chake walilelewa kwa maziwa, mahindi na ngwara; majini hapakuwa mahali pa kutafutia chakula, maana chemchemi na mito ina wenyewe, pepo wa maji waitwao Netlangw, na wazee waliiendea kwa adabu. Ziwa Eyasi liko bondeni, ndani ya wilaya hii hii ya Karatu, na miaka ya mvua nyingi perege na kambale wake hupandishwa huku juu kuuzwa. Sisi watoto tuliwaona wakipita tu. Dagaa tuliwaonja shule ya bweni, na likizo tulikaa kimya juu ya hilo.

Aliyevunja mwiko mapema alikuwa Shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa Kigamboni na mfanyakazi wa bandari. Likizo yake ya kwanza alikuja Qurus na sufuria mpya na ng'onda waliofungwa kwenye kikapu, akawapika kwa tui. Bibi aliitoa ile sufuria jikoni ikiwa bado inachemka, akaenda kuitupa korongoni. Mama wakati huo alikuwa bi harusi mpya. Alisimama upande wa mama mkwe wake na akasema neno ambalo yeye na Shangazi hawajalirudia mbele yetu hadi leo. Tangu hapo mawifi hao walikuwa watu wa kusalimiana kwa simu, na Shangazi alipanda Qurus kwa misiba tu, tena alilala kwa jirani.

Ndiyo maana mpango wa Mama ulinishangaza kwa jambo moja zaidi ya samaki. Yeye na Baba walikuwa kwangu Mbagala, Dar es Salaam, mwezi huo wa saba, Baba akitibiwa macho. Walikuwa wameshuka na gunia la vitunguu vya Mang'ola, vile vyekundu vidogo vinavyolimwa kwa maji ya chemchemi kule karibu na ziwa, na Mama alitangaza kwamba gunia ni la wifi yake. Siku moja kabla ya kupanda basi la kurudi tukapangiwa kazi: gunia lifike Kigamboni, samaki wanunuliwe soko la Feri, miwani ya Baba ichukuliwe Kariakoo, sote turudi Mbagala jua likiwepo. Samaki aliowaagiza Mama walikuwa changu, wa sahani, kila mgeni wake mzima. Wangelala kwenye friji langu, wakaamkie safarini.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa njia. Mama alitaka tupite Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 na kuunganisha Kurasini na Kigamboni kwa lami. Tangu aliposikia redioni habari za MV Bukoba, Mei 1996, Mama alikuwa hakanyagi chombo chochote cha majini. Baba akasema kuzunguka Kurasini wakati samaki tunamtaka Feri ni kupoteza asubuhi, na samaki ni wa asubuhi. Tukakubaliana hivi: tuanze Feri, tununue, kisha bajaji itupitishe darajani. Gunia tukaja nalo. Baba akavaa koti lake zito la Julai ya Karatu, ile ya baridi inayouma masikio, na hakulivua siku nzima mjini Dar es Salaam.

Kwa asiyepajua, soko la Feri liko mdomoni mwa bandari, Magogoni, si mbali na Ikulu, na geti la pantoni ya Kigamboni limepakana nalo. Wanaovuka na wanaonunua wanagombea njia ile ile, pamoja na mikokoteni, ndoo za barafu, wachukuzi wanaopiga kelele watu wapishe na wanafunzi wenye sare. Mahali hapa palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Ikaja serikali ya Wajerumani, ikaja ya Waingereza, ikaja yetu, na mvuvi bado anashusha samaki hapa hapa. Majengo ya sasa yalijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kazi zimegawanywa kwa zoni: huku mnada, huku wauzaji wa rejareja, huku waparuaji, kule wakaangaji na moshi wao.

Tulifika wiki isiyo nzuri. Kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu, mashua ndogo zimefungwa, na mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukijaa taa haina kazi na wavuvi wengi wanapumzika. Samaki wakiwa wachache wa kila aina hupanda bei, na changu wa sahani siku hiyo walikuwa wanakwenda hotelini kabla hatujawasogelea.

Nilimwacha Mama kwenye kivuli karibu na geti, gunia miguuni, kijana wangu wa darasa la sita akiwa naye na mchukuzi mmoja akisubiri kupewa kazi. Mimi na Baba tukaingia mnadani.

Baba ni mtu wa minada. Tarehe 7 na tarehe 25 ya kila mwezi yuko mnadani Karatu, anafika mapema, anamzunguka ng'ombe, anamfungua mdomo, anaondoka bila neno, anarudi baada ya chai. Mnada wa Feri hauna nafasi ya chai. Samaki wanamwagwa mezani, dalali anataja bei, sauti zinaipandisha, mtu anatikisa kichwa na fungu limekwenda, linalofuata limeshamwagwa. Wanunuzi ni wachuuzi wanaojuana kwa majina na kwa madeni. Baba alisimama pale na koti lake, akitazama mafungu matatu manne yakiondoka, kisha akanivuta mkono tukatoka pembeni, kwa wale wanaouza walichokwisha kununua.

Hapo ndipo alipomwona jodari. Kijana mmoja alikuwa amemlaza juu ya saruji yenye maji, samaki wa kilo zipatazo kumi na tano, mgongo wa buluu iliyoiva, tumbo la fedha, vile vipezi vidogo vya njano vimejipanga hadi mkiani. Kijana alimsalimia Baba kwa heshima, shikamoo mzee, na Baba akaitikia na kuanza kazi yake. Aliuliza ametoka wapi, ameshushwa lini, amelala kwenye barafu au hakulala. Alimbonyeza ubavuni akaona nyama inarudi. Alimfunua shavu, ndani mwekundu. Alimfungua mdomo pia. Hakuna anayemnunua samaki kwa meno, lakini kijana hakucheka, na mimi nilimpenda kwa hilo. Nikamkumbusha Baba kwamba Mama amesema changu.

"Changu ni mifupa," akasema. "Huyu ana nyama, dasi, binti yangu. Mkwe akiwekewa huyu atajua amefika kwa watu."

Pesa yote ya changu ikaishia hapo, pamoja na ya bajaji. Jodari akaingizwa kwenye kiroba, Baba akambeba begani mwenyewe, maji ya samaki yakimchuruzika kwenye koti, tukarudi getini. Kivuli kilikuwepo. Mama hakuwepo, gunia halikuwepo, kijana hakuwepo.

Muuza maji aliyekuwa pale alituonyesha kwa kidole: pantoni ilikuwa imeshaachia, inaelekea ng'ambo. Baadaye tuliyajua yote. Geti lilipofunguliwa umati ulisukuma, mchukuzi akadhani hawa nao ni wavukaji waliochelewa, akainua gunia kichwani akakimbia. Mama alifuata gunia. Kijana akalipa nauli ya shilingi 200 kwa kila mtu akamfuata bibi yake. Mama alipotambua kwamba sakafu anayokanyaga inatikisika, mlango ulikuwa umeinuliwa. Alikaa juu ya gunia, akafumba macho, akashika rozari, na mjukuu wake akamweleza kila kinachopita hadi wakafika.

Nikapiga simu yake. Ikaita ndani ya koti la Baba.

Nikampigia Shangazi, ili atoke nyumbani akawapokee upande wa Kigamboni. Akapokea kwa sauti ya upepo na injini. Alikuwa ameona tumechelewa, akaamua kuvuka kutufuata Feri. Pantoni zilikuwa zimepishana katikati ya maji, yeye akija, Mama akienda, na kwa vile mmoja alikuwa amefumba macho hawakuonana.

Shangazi alishuka akiwa na kanga mbili na mkoba wa plastiki ngumu wa sokoni. Ni mdogo wake Baba, na kwa desturi angeanza na shikamoo kaka. Alimtazama Baba, akatazama kiroba kinachochuruzika begani mwake, na salamu ikasubiri.

"Ana muda gani juani huyo?"

Baba akasema si muda mrefu. Shangazi akamshusha jodari, akaingiza mkono ndani ya kiroba, akanituma barafu mbio, ndoo mbili. Alitueleza huku akifanya kazi. Jodari, kibua na nguru ni samaki wa damu nyingi. Wakikaa kwenye joto wanatengeneza kitu kinachowasha mdomo, kinachovimbisha uso na kumtoa mtu madoa mwili mzima, na wakishaharibika hivyo hakuna moto utakaowasafisha, uwachemshe au uwakaange. Mgeni wako atakula chakula kinachonukia vizuri na usiku mtatafuta gari la hospitali. Changu angetusamehe saa nzima. Jodari hasamehi. Alipasua tumbo pale pale kwenye meza ya mparuaji mmoja anayefahamiana naye, akatoa matumbo na mashavu, akayajaza matundu yote barafu, akamlaza, akamfunika barafu nyingine. Akasema kwa muda mfupi aliokaa juani bado yuko salama. Ndipo akainama kidogo: "Shikamoo, kaka."

Wakati huo Mama alikuwa ng'ambo akibishana na mchukuzi kuhusu malipo ya kazi ambayo hakumtuma. Kurudi si kubaki chomboni. Watu wote wanashuka, unapanga foleni upya na nauli upya. Mwanamke mmoja wa Kigamboni ambaye hakumjua alimwazima simu, akanipigia, namba aliyoikariri kichwani ikiwa ni yangu peke yake. Nikamwambia aje, Shangazi yuko huku. Akanyamaza kidogo. "Basi narudi na maji," akasema. Angeweza kusema aletewe bajaji ya darajani. Hakusema.

Alishuka amejifunga kanga kiunoni, uso mkavu, mjukuu amemshika mkono. Gunia lilikuwa limewekwa chini na watu wanaliruka. Shangazi alikwenda kumpokea, mimi nikabaki nyuma.

"Pole, wifi."

"Nimeshapoa."

Wakashika gunia, huyu pembe hii na huyu pembe ile, wakalitoa njiani.

Sasa kulikuwa na jodari wa kilo kumi na tano kwenye barafu, basi la alfajiri, na safari ya Dar es Salaam hadi Karatu inayokaribia kilomita 800. Mama alimtazama huyo samaki kwa muda. Hakumwambia Baba chochote mbele za watu. Alimwambia Mbagala, usiku, kwa Kiiraqw, na mimi nilitoka nje. Pale sokoni aliuliza tu kama anaweza kusafiri alivyo. Shangazi akasema twende kwa mwenye kujua.

Wakaangaji wa Feri wana upande wao, na anayekaribia anasikia macho yanawasha kabla hajaona karai. Makarai mapana yako juu ya moto wa kuni, mafuta yanavuma, wanawake kwa wanaume wamefunga vilemba na wameshika vijiko virefu vya chuma vyenye matundu. Mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi uiinamie, alimgusa jodari mgongoni na kuuliza anakwenda wapi. Aliposikia Karatu akatikisa kichwa. Barafu itaisha kabla ya Korogwe, alisema, na konda atawashusha kwa yale maji. Huyu akatwe vipande na akaangwe mara mbili, kikaango cha safari.

Akataja bei. Mama, ambaye hajawahi kulipa bei ya kwanza tangu azaliwe, akataja nusu yake. Yule mama hakukasirika. Alimwonyesha rundo la kuni, akamwonyesha dumu la mafuta, kisha akamwonyesha mikono yake, ambayo toka kiganjani hadi kwenye kiwiko ilikuwa na madoa ya kuungua, mapya juu ya yale ya zamani. Akarudia bei ile ile kwa sauti ile ile ndogo. Mama alikaa kimya. Pesa yenyewe ilikuwa haipo, Baba alikuwa ameimaliza.

Aliyetukwamua alikuwa mama lishe wa jirani, aliyekuwa amechungulia kwenye tundu la gunia. Akauliza kama ni vya Mang'ola. Shangazi akasema ndivyo, na ni vyake, na akamtazama Mama, na Mama akaitikia kwa kichwa. Likafunguliwa. Mama lishe akapimiwa vya kutosha, akamlipa mkaangaji kwa niaba yetu bei yake kamili, na juu yake akatupa tenga jipya la makuti na sahani nne za wali maharage. Shangazi alibaki na robo ya gunia lake. Alisema inamtosha.

Nilikaa karibu kuona kazi. Kisu kilipita nyuma ya kichwa kwa mzunguko mmoja, kichwa kikawekwa pembeni. Shangazi alikidai kwa ajili ya supu na akakipata. Minofu minne ikatoka kwenye uti, na kando ya kila mnofu ule mkanda wa nyama nyeusi, mzito wa damu, ambao mkaangaji aliutoa wote. Unachacha mapema, alisema, wa kula leo ni sawa, wa safari hapana. Vipande vikakatwa unene wa vidole viwili. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa, kidogo pilipili manga, vikakaa. Kisha akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa hadi vikauke, maana maji ndiyo yanayorusha mafuta na ndiyo yanayoozesha samaki njiani. Akaviingiza. Havikuguswa mpaka vilipoanza kuachia karai vyenyewe. Aligeuza mara moja tu, akavitoa vingali na rangi ya mchanga, akaviegemeza wima juu ya waya. Vilipopoa kabisa vikarudi kwenye mafuta yenye moto zaidi, na safari hii vilitoka vya kahawia iliyokolea na vikigongana vinatoa sauti. Akatuonya tusivifunike vikiwa na moto wala tusitafute plastiki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini yeye alisema hata zamani ilikuwa adui wa samaki. Anatokwa jasho ndani yake. Karatasi ya kaki, na tenga lenye kupumua.

Kazi hiyo ilichukua mchana wote. Mama na Shangazi walikaa kwenye benchi moja mbele ya karai, moshi ukiwajia usoni. Kwa muda mrefu walizungumza habari za watoto. Kisha nikamsikia Mama akisema, bila kugeuka, "Wifi, ile sufuria."

Shangazi alikuwa ameazimwa kijiko kile kirefu. Aligeuza kipande kilichokuwa kinawahi kuiva kuliko wenzake. Akauliza basi letu linaondoka saa ngapi.

Miwani ya Baba haikuchukuliwa. Duka lilikuwa limefungwa tulipofika Kariakoo, na alirudi Karatu bila kuona vizuri vibao vya barabarani. Niliituma baadaye na dereva. Mbagala tulikuta umeme umekatika tangu asubuhi, friji linavuja sakafuni. Tungekuwa na changu wabichi usiku ule tungewazika. Vipande vya jodari tulivitandaza kwenye nyungo mbili, tukaviweka ndani ya chandarua cha kitanda cha mwanangu, kwa sababu ya paka wa jirani, na mwanangu akalala kwenye kochi. Asubuhi vilikuwa vikavu na vyepesi.

Kituo cha Magufuli pale Mbezi, konda alinusa tenga akasema samaki hapakiwi. Shangazi akafungua karatasi, akamvunjia kipande. Konda alikula kimya, akalipeleka tenga kwenye buti na kuliweka juu ya mizigo mingine. Shangazi naye akapanda, na mkoba wake, na ile robo ya vitunguu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, kwa hiyo niliona yaliyofuata kwa macho yangu.

Tulipandisha ukingo wa bonde kutoka Mto wa Mbu giza limeshaingia, tukapita Rhotia, tukashuka Karatu kwenye baridi ambayo Shangazi alikuwa ameisahau. Qurus walikuwa wamewasha moto. Bibi alikuwa ameketi mahali pake na harufu ilimfikia kabla yetu. Shangazi alipiga goti akamsalimia, "Saita, mama." Bibi alimshika mkono, hakuuachia, na mkono ukiwa bado ndani ya wake akatoa amri: hicho kitu kikae kwenye banda la kuni, kipikiwe sufuria yake peke yake, na sufuria hiyo isije ikaingia jikoni kwake. Hakusema kitupwe. Shangazi alilala chumba cha Bibi usiku ule.

Wakwe walifika siku iliyofuata, wamejikunyata kwa baridi, na kikapu cha nazi, mfuko wa mchele na zawadi ya ng'onda. Kabla chai haijaisha mjomba wa mkamwana wetu, mzee mwenye kofia safi ya kushona kwa mkono, alimuuliza Baba kwa adabu kama mbuzi yupo. Akatoa kisu kutoka kwenye shanta lake, kimefungwa kwa kitambaa. Alisema alijua anakuja kwa watu wa mifugo, na hakutaka wenyeji wapate taabu ya kutafuta mchinjaji. Kaka yangu mkubwa akaleta beberu, mzee akauliza kibla, akaelekezwa, akachinja mwenyewe nyuma ya zizi letu.

Jodari aliliwa pamoja na mbuzi, Shangazi akiwa amemtengenezea mchuzi wa tui kwa zile nazi na vile vitunguu. Mama mkwe wa mdogo wangu alivunja kipande, akakitazama ndani, akauliza nani amekaanga. Mama akajibu kwamba ni mama mmoja wa Feri. "Nimejua," akasema yule wa Pangani. "Huyu kakaangwa na anayeijua kazi." Bibi alikula mbuzi. Sahani ya samaki ilipofika mbele yake hakuionja. Aliipokea kwa mikono miwili akampa aliyekuwa pembeni.

Sikumuuliza jina yule mkaangaji, na wako wengi kama yeye pale, wanaosimama mbele ya moto wa kuni kuanzia asubuhi hadi jioni ili samaki wa watu wengine wafike mbali salama. Ukitoka bara ukaenda Feri, nunua barafu kabla hujanunua samaki, na mtafute mkaangaji kabla hujamfuata dalali. Akikutajia bei, itazame mikono yake, na usimpunguzie.